Soksi Moja Nyepesi

Inspekta Kobe aliingia kwenye karakana ya miguu bandia akiwa na mguu wa mtu kwapani, umefungwa ndani ya gunia la unga, na hakuna aliyeshtuka. Mahali pengine popote watu wangetimua mbio. Hapa, mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la kusubiri alimwonyesha tu kwa kidole na kusema, "Foleni inaanzia huku, mama."

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana. Mwanga uliingia kwa madirisha ya juu ukakuta vumbi la plasta linaelea, jeupe, jepesi, halina haraka ya kutua. Ukutani miguu ilining'inia kwenye misumari, safu tatu, ya kulia na ya kushoto, ya watu wazima na ya watoto, mingine na viatu vyake. Upepo ukipita, inagusana kidogo halafu inatulia. Ukikaa humo kwa muda unaanza kuona kama kuna umati umesimama hewani, unangoja kuitwa majina. Inspekta alisimama katikati, akapepesa macho, na kwa nukta chache akasahau kabisa kilichomleta.

Jina la Kobe alipewa kituoni, kwa sababu mwanamke huyu hajawahi kuonekana akikimbia. Wakitaka kumchokoza husema, "Mwacheni, kobe akiinama anatunga sheria." Yeye huwa hajibu, anaendelea kuinama. Ila leo muda haukuwa wake. Mkuu wa kituo alikuwa amempa mpaka saa kumi jioni. Ikifika saa kumi, wazamiaji watatoka bwawani, faili litaandikwa amekufa maji, na mama mtu ataambiwa arudi nyumbani akaweke msiba usiokuwa na maiti.

Na mama mtu alikuwa bado palepale ukingoni, siku ya tatu sasa, amekaa peku kwenye tope. Wanawake wa jirani walimletea uji, akaukataa. Wakamletea ndala, akazikataa pia. Neno lake lilikuwa moja tu, "Mtafuteni majini."

Fundi alitoka chumba cha ndani akijifuta mikono kwenye aproni. Mtaa mzima humwita Fundi Miguu. Ni mwanamume mnene mwenye nyusi zilizoganda plasta, anayecheka kabla hujamaliza mzaha.

"Karibu, afande. Umenikuta nimetoka milimani asubuhi hii, siku tatu napima watu, huko hata mtandao haupandi. Chai yenyewe sijaigusa. Nani kavunja mguu?"

Inspekta alifungua gunia. Hata kabla mguu haujatoka wote, fundi alishautambua.

"Ah, huu wa binti yangu, Fundi Cherehani! Una miezi mitano tu tangu nimpe, keshauharibu?" Akacheka. Halafu akamwangalia Inspekta usoni, kicheko kikamwishia mdomoni. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza. Mguu huu ulikutwa Jumatatu asubuhi kwenye ukingo wa bwawa la wafyatua matofali. Umesimama wima, umevaa kiatu. Mwenyewe hajaonekana tangu hapo. Tunamtafuta majini."

Fundi Miguu alirudi nyuma, akakalia mfuko wa plasta, vumbi likaruka na kumzunguka. Machozi yalimtoka waziwazi, yakachora mistari miwili kwenye weupe wa mashavu yake.

"Yule mtoto nimemfundisha kutembea mara mbili, afande," alisema. "Mara ya kwanza miaka minne iliyopita, baada ya ile ajali ya barabarani. Mara ya pili juzi juzi, kwa mguu huu. Kila Jumamosi huja hapa kunishonea mikanda na vitambaa vya ndani. Ana ufunguo wake. Huyo ni mwanangu, basi tu hatukuzaana."

"Pole, fundi. Lakini sasa nataka unisaidie. Wewe unaijua miguu kama mimi ninavyojua uongo. Huu unakwambia nini?"

"Kwanza nawe niambie. Kuna aliyemwona?"

Inspekta alitoa daftari, akasoma maelezo ya mlinzi wa bwawa kwa sauti ile ile ya mlinzi, maana hupenda kuyasikia maneno yalivyotoka.

"Jumatatu alfajiri, jua bado. Ukungu ulikuwa mzito kweli kweli. Nilimwona yule binti wa mguu wa bandia akipita ukingoni, anachechemea, amekumbatia kifurushi, nikadhani nguo za kufua. Uso sikuuona, nilimtambua kwa mwendo. Sikumwona akirudi maana nilikwenda kuchemsha chai. Jua lilipotoka nikasikia mama yake anapiga ukunga, nikakimbia, nikakuta mguu."

"Anachechemea?" Fundi aliinua kichwa.

"Ndivyo alivyosema."

"Nani anachechemea? Binti yangu?" Alisimama, hasira ikamkausha machozi. "Afande, mguu huu nimeutengeneza kwa mikono hii. Tulipoumaliza nilimtembeza hapa sakafuni siku nane, kwenda na kurudi, mpaka mtu wa nje asiweze kusema ni upi wa Mungu na ni upi wangu. Haichechemei, miguu yangu! Mlinzi wako kamwona mtu mwingine."

"Mlinzi anamjua."

"Anajua habari zake. Watu wakishasikia fulani ana mguu wa bandia, macho yao yanaanza kuchechemea yenyewe." Akapiga meza. "Ulete hapa."

Inspekta aliulaza mguu mezani. Fundi alinawa mikono kwenye ndoo, akaikausha kidole kwa kidole, akavaa miwani. Mzee wa kwenye benchi naye alisogea akasimama nyuma yao, kwa kuwa foleni imelala na mambo yamenoga.

"Uligusa nini?"

"Sikugusa kitu. Mimi ndiye niliyeuokota, nikautia guniani. Kiatu hakijavuliwa."

"Vizuri. Tuanze hapo hapo." Fundi alikizungusha kiatu taratibu. Kilikuwa cheusi, cha mkanda, cha bapa, kimekanyagika kisigino. "Hiki si chake."

"Kwa nini?"

"Sababu mbili. Ya kwanza, kinapwaya, ona kidole changu kinaingia. Ya pili ndiyo kubwa. Wayo huu wa raba haupindi kama wako. Naufunga kulingana na kisigino cha kiatu atakachovaa mtu, na yeye alichagua kisigino cha vidole viwili, anasema fundi cherehani hawezi kuonekana na viatu vya bapa, wateja watamkimbia. Ukiuvalisha mguu huu kiatu cha bapa, unamsukuma mwenyewe nyuma. Hatua tatu tu, chali! Na hilo analijua kuliko mimi, maana siku ya kwanza alianguka hapo ulipo wewe, akanitukana."

"Kwa hiyo aliyeuvisha hiki kiatu..."

"Ana miguu yake miwili, na hajawahi kuwaza kuhusu visigino."

Inspekta aliandika. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kama kawaida yake, na wakati anaandika alikuwa anaona jambo baya zaidi ya kuzama. Kama binti hakujivisha kiatu hicho, basi kuna mtu aliyekipanga kitu kile pale ukingoni. Na mtu anayepanga ushahidi mara nyingi ana cha kuficha chini ya maji.

"Fundi, Jumatatu alfajiri wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi?" Fundi alishika kifua. "Ama kweli tenda wema nenda zako! Nilikuwa milimani nimelala sakafu ya darasa na watu arobaini wanaongoja kupimwa. Waulize, watakwambia na kukoroma kwangu."

"Nitawauliza. Endelea."

Fundi alinuna kidogo, halafu akaingiza mkono ndani ya kile wanachokiita kikombe, pale mguu wa mtu unapoingia kwenye mguu wa bandia. Mkono ukatoka na soksi. Ilikuwa soksi nyeupe, fupi, haina kisigino, kama kofia ya mtoto mchanga.

Aliingiza mkono tena akapapasa mpaka chini. Hakukuwa na nyingine.

"Moja," alisema.

"Moja ni vibaya?"

"Moja nyepesi ni asubuhi." Aliona Inspekta hajaelewa, akavuta kiti. "Sikia, afande. Kigutu, yaani kile kipande cha mguu kilichobaki, hakikai ukubwa mmoja. Usiku umelala kimejaa. Ukishaanza kutembea kinanywea. Kwa hiyo asubuhi anavaa soksi moja nyepesi. Saa sita mguu unaanza kulegea, anaongeza ya pili. Jioni ya tatu, nene. Usiku anazivua zote, zinafuliwa. Kwa hiyo mguu wa mtu huyu ni saa. Hesabu soksi, utajua ni saa ngapi."

"Basi inalingana. Alfajiri, soksi moja."

"Inalingana ukiitazama. Inuse."

Inspekta alinusa. Ilinukia sabuni ya kipande na jua.

"Sasa hii ilivaliwa na nani?" fundi aliuliza. "Kutoka nyumbani kwao mpaka bwawani ni nusu saa ya kutembea. Mtu angefika na soksi inanuka kigutu, imebonyea, ina alama ya jasho. Hii haijaguswa na ngozi tangu ianuliwe kwenye kamba. Iko kama ilivyowekwa."

Vumbi lilizidi kuelea. Inspekta aliishika ile soksi viganjani na akakiona chumba ambacho hajawahi kuingia saa hiyo, chumba chenye giza la alfajiri, binti amelala, na mguu umeegemea kitanda, tayari kwa siku mpya. Mkono unaingia, unauchukua, unatoka nao.

"Haukuvuliwa bwawani," alisema. "Ulibebwa. Ndicho kile kifurushi."

"Ndivyo."

"Ulichukuliwa kando ya kitanda, kabla hajaamka. Nani huiweka soksi ya asubuhi? Yeye mwenyewe?"

Fundi Miguu alivua miwani. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake. Tangu ajali. Anazifua kila jioni, anazianika, na usiku kabla ya kulala anamwekea moja ndani ya mguu. Binti humwambia, mama, mimi si mtoto. Mama hasikii."

"Na huyo mama hutembeaje?"

Fundi alifuta miwani kwa aproni.

"Goti la kushoto ni bovu," alisema hatimaye. "Mwaka wa tatu namwambia aje nimtengenezee mkanda. Anachechemea, afande. Yeye ndiye anayechechemea."

Mzee wa kwenye benchi alisema, "Lo!" na hakuna aliyemkataza.

Inspekta alikumbuka Jumatatu, mama akiletwa mbele yake, mkono begani kwa jirani, akivuta mguu. Walisema ni uchungu wa mwana. Alikumbuka nyayo zake ndani ya tope, peku, na ndala zilizorundikana kando asizozitaka. Walisema ni uchungu pia. Alikitazama kile kiatu cheusi mezani, kilichokanyagika kisigino upande mmoja, kama vinavyokanyagika viatu vya mtu anayeegemea goti zima.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii," Inspekta alisema. "Kila mzazi niliyemkuta kando ya maji ananiambia, mtafuteni kokote, huko majini hayupo. Huyu aliniambia majini tu. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anajua kitu."

"Usiniambie unamwazia mabaya yule mama."

"Mimi siwazi. Nauliza. Walikuwa na ugomvi?"

"Hakukwambia habari za chuo? Nilipouona mguu huu nilijua hata huko hakufika."

"Chuo gani?"

Fundi alijipiga paja. "Ah, mama huyu! Binti kapata nafasi kwenye chuo cha kutengeneza viungo bandia. Mbali, safari ya siku nzima. Alitakiwa kuripoti Jumanne. Alisema Jumapili usiku ndipo atamwambia mama yake, asubuhi aondoke, asipewe nafasi ya kulia. Barua ya chuo niliitunza mimi hapa, maana aliogopa mama akiiona ataichana."

"Mama anakataa kwa nini?"

"Miaka minne iliyopita binti alisafiri mara moja tu. Akarudi hivi." Fundi aligusa mguu mezani. "Mama alisema mbele yangu, hatoki tena huyu, mara ya mwisho alirudi kapungua."

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa Mkuu, na nyuma yake ilisikika mashine ya kahawa.

"Kobe, saa nane hiyo. Wazamiaji wanasema tope limewashinda. Niandike?"

"Bado, Mkuu."

"Saa kumi, Kobe."

"Saa kumi haijafika."

Alikata, akainama. Fundi alimtazama akiinama. Inspekta alikuwa anawaza kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Mama anaambiwa Jumapili usiku. Mama halali. Alfajiri anauchukua mguu, ili binti asiende popote. Anaupeleka bwawani kuutupa, anashindwa. Anarudi nyumbani. Halafu muda mfupi tu baadaye yuko bwawani tena, anapiga ukunga. Kwa hiyo nyumbani alikuta kitanda kitupu. Na mtu ambaye hana mguu...

"Fundi, ana magongo?"

"Anayo. Jozi moja ya kwapani, ya mbao, ya siku za mwanzo."

"Nyumbani hayakuwepo. Nilipekua mwenyewe, sikuyaona, wala sikujua niyaulizie." Alisema hivyo kwa uchungu, maana hapendi kukosea. "Mama alirudi akakuta binti hayupo na magongo hayapo. Akajua kamfuata. Kaja bwawani kutafuta mguu wake, kwa magongo, kwenye ukingo wa tope, kwenye ukungu. Akateleza."

"Ee Mungu wangu," alisema fundi.

"Ndiyo maana anasema majini. Anaamini ameua."

Walitazamana. Na hapo ndipo Inspekta, alipokuwa anakwepa macho ya fundi yaliyojaa maji upya, alipotazama ukutani. Safu ya pili, kati ya mguu wa mtoto wenye kiatu chekundu na mguu mrefu uliopasuka, palikuwa na msumari mtupu. Ukuta ulikuwa umechakaa kwa vumbi, lakini chini ya msumari huo palibaki umbo safi, jeupe, la paja, goti na wayo, kana kwamba mguu ulipita katikati ya ukuta ukatokea upande wa pili.

"Pale kulikuwa na nini?"

Fundi aligeuka. Alihesabu misumari kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Alirudia kuhesabu.

"Pale..." Alisogea akaugusa msumari. "Pale kulikuwa na mguu wake wa zamani. Aliurudisha nilipompa mpya. Nilitaka kuuchomoa vipuri."

"Unatembeka?"

"Kwa shida. Unalia kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta, na kikombe kimekuwa kikubwa, kigutu kimepungua tangu siku zile. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu mwenye nia anatembea."

Inspekta Kobe alifanya jambo ambalo kituoni wasingeamini. Alikimbia. Alikimbia hatua sita mpaka mlangoni, kwenye pipa ambamo magongo ya wagonjwa hutumbukizwa, ishirini na kitu, ya mbao na ya bati, hakuna anayeyahesabu. Aliyachomoa moja moja. Jozi ya nane ilikuwa ya mbao, na pale kwapani ilikuwa imevikwa mito midogo ya kitambaa cha kijani, imeshonwa kwa mshono wa mashine, mistari miwili iliyonyooka, nyuzi zimekatwa bila kuacha mkia. Chini, raba zilikuwa zimeshika udongo uliokauka. Inspekta aliuvunja kwa ukucha. Ulikuwa mwekundu, wa barabara ya karakana. Tope la bwawa ni jeusi.

"Fundi. Ile barua."

Fundi alivuta droo ya meza mpaka ikatoka yote ikaanguka. Misumari na tepu za kupimia zilimwagika sakafuni. Barua haikuwemo.

Fundi aliichukua simu yake, vidole vinateleza kwa plasta, akapiga chuo. Aliitikia karani mwenye sauti ya mtu aliyeshiba.

"Mwanafunzi mpya? Wa kike? Ndiyo, yupo, kafika jana mchana. Huyo tunamjua wote, akipita korido mguu wake unapiga kelele, tunamwita Mlango. Hana hata begi. Subirini."

Fundi Miguu alimpa Inspekta simu, akaenda kusimama na uso ukutani, katikati ya miguu yake, mabega yakimtikisika.

Kupitia simu ulisikika ule mguu kabla ya mtu. Kwii, hatua, kwii, hatua. Halafu sauti ya kijana, ya tahadhari.

"Hallo?"

"Mimi ni Inspekta wa polisi. Niko karakana. Binti, simu yako kwa nini imezimwa?"

"Nilijua mama atapiga." Ikapita pumzi. "Amenishtaki?"

"Mama yako amekaa ukingoni mwa bwawa siku ya tatu. Anangoja utolewe majini."

"Majini? Mimi? Kwa nini majini?"

"Mguu wako ulikutwa pale."

"Kumbe alikwenda kuutupa!" Hasira ilimpanda mpaka sauti ikakwaruza. "Alinichukulia mguu nimelala, Inspekta. Niliamka nikapapasa, hakuna. Unajua ni kitu gani kutambaa kwenye nyumba ya mama yako, unatafuta magongo chini ya kitanda gizani? Angenipiga ningemwelewa. Angeichana barua ningemwelewa. Ule ni mguu wangu! Ni mimi!"

Inspekta alimwacha mpaka akamaliza. Hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia mama ni mama.

"Una haki," alisema. "Nakwambia nilichokiona tu. Haukutupwa. Ulisimamishwa mahali pakavu, mbali na maji. Ukavishwa kiatu."

"Kiatu gani?"

"Cheusi. Cha mkanda, bapa."

Upande wa pili mguu ulilia mara moja, kwii, kama wa mtu aliyekaa ghafla.

"Hicho ni chake," alisema binti. "Ni chake mwenyewe. Alivua chake?" Sauti ilibadilika, ikawa ndogo. "Na lile goti? Mama hakanyagi chini peku hata bafuni, Inspekta. Amekaa peku siku tatu?"

"Siku tatu."

Alilia. Inspekta alisubiri, akitazama vumbi. Binti alivuta kamasi mara ya mwisho, halafu maneno yakaja polepole, ya mtu ambaye bado ana hasira na hataki kudanganya kuwa hana.

"Sirudi. Mwambie sirudi mpaka nimalize. Na mwambie huu mguu wa zamani unanichubua, kikombe kinacheza. Aniletee soksi. Nne, nene."

Inspekta alimpigia Mkuu akiwa tayari njiani, gunia kwapani.

"Watoe wazamiaji."

"Umempata?"

"Nimempata."

"Maiti iko wapi?"

"Iko darasani, Mkuu."

Bwawani kulikuwa kumetulia. Ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kuinuka kwenye maji kwa nyuzi nyembamba, na wazamiaji walikuwa wanavua nguo zao za kazi bila kuongea. Mama alikuwa palepale. Alipomwona Inspekta na gunia, hakusimama.

Inspekta alichuchumaa mbele yake kwenye tope. Aliutoa mguu, akafungua mkanda wa kiatu cheusi, akakivua, akakiweka chini karibu na nyayo zake.

"Hiki ni chako, mama."

Mama alikitazama kiatu kwa muda mrefu.

"Nilitaka kuutupa," alisema. "Nikauinua. Haukutupika, mwanangu. Nilikuwa nimeubeba umelala mikononi kama mtoto. Nikauweka. Nikaona uko peku kwenye baridi, nikaona haya." Alishika kichwa. "Nilisema niende nimwamshe, nimwambie twende wote tukauchukue, na akitaka kwenda aende. Nikakuta kitanda kitupu. Magongo hayapo. Nifunge, mwanangu. Nimemuua mtoto wangu."

"Hujamuua."

Mama aliinua macho.

"Alikwenda karakana kwa magongo, akauchukua ule mguu wa zamani, akapanda basi. Yuko chuoni. Nimezungumza naye saa nane na nusu. Ana hasira na wewe, na amesema harudi mpaka amalize."

Mama hakulia wala hakupiga kigelegele. Alimshika Inspekta mkono kwa vidole vya baridi, akaubana, akawa anautazama mdomo wake kana kwamba neno linaweza kurudi ndani.

"Ule wa zamani," alisema mwishoni. "Ule unamchubua."

"Ndivyo alivyosema. Anataka umpelekee soksi nne. Nene."

"Nne?"

"Nne."

Mama alikivuta kiatu, akakivaa juu ya tope bila kufuta. Akaegemea bega la Inspekta, akanyanyuka kwa goti zima, akaupokea ule mguu na kuupakata. Alikuwa tayari anachechemea kuelekea njia ya nyumbani alipogeuka.

"Niliziacha kwenye kamba tangu Jumapili," alisema. "Zitakuwa zimekauka."